Mtwara hadi Mumbai kwa ndege: umbali, muda wa angani, na saa zinazopotelea Dar

Watu wa Kusini wanaokwenda Mumbai wengi wao ni wa makundi mawili: wagonjwa na ndugu wanaowasindikiza, na wafanyabiashara wanaofuata soko la korosho. Wote huuliza swali moja: ni saa ngapi mpaka kufika? Na jibu wanalopewa mara nyingi ni "saa sita." Saa sita hizo ni za ndege kutoka Dar es Salaam. Abiria anayetoka Mtwara, au anayetoka Lindi na kupandia Mtwara, ana hesabu nyingine kabisa, na inafaa aijue kabla hajalipia tiketi, hasa kama anasafiri na mgonjwa asiyeweza kukaa kwenye kiti muda mrefu.

Tuanze na umbali. Kiwanja cha ndege cha Mtwara kipo latitudo 10.34 kusini na longitudo 40.18 mashariki. Cha Mumbai kipo 19.09 kaskazini na 72.87 mashariki. Njia fupi kuliko zote kati ya nukta hizo mbili, ukifuata mviringo wa dunia, ni kama kilomita 4,850. Marubani wanaohesabu kwa maili za baharini (moja ni mita 1,852) wataiita maili 2,620. Ukikutana na namba 3,015 mtandaoni usishtuke: hizo ni maili za nchi kavu, za kilomita 1.609. Umbali ni uleule, kipimo ndicho kimebadilika, na wanaochanganya vipimo hivi vitatu ndio wanaobishana bure kijiweni.

Anayetaka kuona kwa macho achukue tufe la shuleni lenye kipenyo cha sentimita 30 na uzi mwembamba. Bana ncha moja ya uzi Mtwara, vuta uzi ukaze hadi Mumbai, kisha pima. Kwenye tufe la ukubwa huo sentimita moja ni kama kilomita 425, kwa hiyo uzi utakuwa na sentimita 11 na nusu hivi. Angalia pia uzi unapita wapi: unaacha Zanzibar na Pemba upande wa kushoto, unakata ikweta baharini mbali na pwani ya Somalia, halafu ni Bahari ya Hindi mpaka India. Hakuna nchi kavu chini yake. Jambo hilo litarudi mbele.

Kwa kikokotoo cha simu hesabu inafanyika hivi. Zidisha sin ya latitudo ya kwanza kwa sin ya latitudo ya pili. Kando, zidisha cos ya latitudo ya kwanza kwa cos ya pili, kisha kwa cos ya tofauti ya longitudo, ambayo hapa ni 32.69. Jumlisha majibu mawili, utapata kama 0.724. Tafuta nyuzi ambayo cos yake ni hiyo, ni 43.63. Zidisha kwa 111.2, maana kila nyuzi moja ya mviringo wa dunia ni kilomita 111.2.

Makosa hutokea sehemu mbili. La kwanza ni kusahau alama ya kutoa. Mtwara iko kusini mwa ikweta, hivyo latitudo yake ni −10.34. Ukiiacha alama hiyo, kikokotoo kinadhani unaondokea 10.34 kaskazini, ambako kwa longitudo hiyo ni Ethiopia, na kinakupa kilomita 3,640. Umepunguza safari kwa kilomita 1,200 kwa kistari kimoja. La pili ni kikokotoo kuwa kwenye radiani badala ya digrii. Hapo jibu linatoka la ajabu, na angalau unaliona mara moja kwamba si lenyewe. Lile la kwanza ndilo baya zaidi kwa sababu jibu lake linaonekana la kweli.

Kwa umbali mfupi huhitaji yote hayo. Mtwara na Dar es Salaam zinatofautiana nyuzi 3.46 za latitudo, sawa na kilomita 384, na nyuzi 0.98 za longitudo, sawa na kilomita 107. Tumia kanuni ya Pythagoras ya pembetatu mraba uliyojifunza sekondari, utapata karibu kilomita 400. Kwa barabara, kupitia Mingoyo, Nangurukuru, Somanga na daraja la Mkapa pale Rufiji, ni kama 560.

Sasa, hakuna anayeruka moja kwa moja kutoka Mtwara hadi Mumbai. Lazima upitie Dar au kiwanja kingine kikubwa. Je, kuzunguka huko kunaongeza kiasi gani? Dar hadi Mumbai ni kama kilomita 4,680. Ongeza zile 400 unapata 5,080. Kwa hiyo kupitia Dar kunakuongezea kilomita 230 tu, ambazo kwa ndege kubwa ni robo saa. Dar iko karibu kabisa na njia yenyewe. Ukipitia Dar kisha Nairobi inakuwa kama 5,600. Dar kisha Addis Ababa inakaribia 6,000. Dar kisha Dubai inafika 6,300. Hata hiyo ndefu kuliko zote inakuzidishia kilomita 1,200 na ushei kuliko kupitia Dar peke yake, yaani saa moja na nusu ya kuruka. Tiketi ikikuambia kwamba njia moja ni saa 13 na nyingine ni saa 26, ujue tofauti hiyo si ya umbali. Ni ya kusubiri.

Muda wa angani

Kosa la kawaida ni kugawa umbali kwa kasi ya ndege na kuishia hapo. Boeing 787-8, ambayo Air Tanzania ilianza nayo safari za Dar hadi Mumbai Julai 2019, hukimbia kama kilomita 900 kwa saa ikiwa juu. Gawanya 4,680 kwa 900, unapata saa 5 na dakika 12. Lakini ndege haikimbii kasi hiyo tangu inapoondoka getini. Inajivuta taratibu hadi mwanzo wa njia ya kurukia, inasubiri zamu, inapaa kwa kasi ndogo, na mwisho wa safari inashuka polepole na kutambaa tena hadi mlangoni. Kwa jeti ongeza nusu saa hadi dakika 40. Ndipo unapata saa tano na dakika 45 hadi saa sita kasoro kidogo. Ratiba huhesabu kuanzia ndege inapoanza kusogea hadi inapoegesha, kwa hiyo muda wa ratiba siku zote ni mrefu kuliko muda ambao magurudumu yako hewani.

Kanuni hiyohiyo inaeleza jambo linalowashangaza abiria wa Mtwara: kwa nini jeti haiokoi muda mwingi kati ya Dar na Mtwara ikilinganishwa na ndege ya pangaboi. ATR 72 hukimbia kama kilomita 500 kwa saa, Airbus A220-300 kama 830. Kwa karatasi jeti ingepaswa kufika kwa nusu ya muda na zaidi. Lakini marubani wana kipimo cha kushuka: kila futi 1,000 za kimo zinahitaji kama maili 3 za baharini mbele. Ndege iliyo futi 30,000 inahitaji kuanza kushuka ikiwa bado na maili 90, yaani kilomita 167. Kupaa nako kunakula umbali usiopishana sana na huo. Katika kilomita 400 jeti inabakiwa na kama kilomita 60 tu za kukimbia kwa kasi yake kamili. Pangaboi inaruka chini zaidi, haihitaji kupanda sana, inaanza kushuka baadaye. Matokeo yake tofauti kati yao ni kama dakika kumi hadi robo saa. Kwa safari hii usilipe zaidi kwa ajili ya jeti kama sababu yako ni muda. Lipa kama saa yake ya kuondoka inakufaa zaidi.

Halafu kuna njia yenyewe. Uzi wa kwenye tufe hauna kona, ndege inazo. Inafuata njia za angani zilizopangwa, inaondoka kiwanjani kwa upande ambao upepo unaruhusu, na inaingia Mumbai kwa foleni. Na kwa kuwa chini ni bahari tupu, kuna kanuni nyingine: ndege ya injini mbili bila kibali maalumu hairuhusiwi kwenda mbali zaidi ya dakika 60 kutoka kiwanja inachoweza kutua ikiwa imebaki na injini moja. Ndege kama 787 hupewa kibali cha muda mrefu zaidi, lakini kibali hicho nacho kina kikomo, na viwanja vya akiba lazima viwe wazi na hali ya hewa iwe nzuri siku hiyo. Kiwanja kimoja kikifungwa, mstari unapinda. Ndiyo maana safari ya wiki hii inaweza kuonekana kwenye ramani ya simu imepita mahali tofauti na ya wiki iliyopita.

Kusi chini, upepo mwingine juu

Mtu wa pwani anajua kwamba majahazi yalikwenda India na kusi na kurudi na kaskazi. Hivyo ni rahisi kudhani kwamba ndege nayo hufika Mumbai mapema wakati wa kusi. Mambo ni kinyume. Upepo wa kusi unaovuka ikweta na kuelekea India ni wa chini. Mkondo wake mkali zaidi, ule wa pwani ya Somalia, uko kama kilomita moja na nusu hivi kutoka usawa wa bahari. Ndege iko kilomita 11 au 12 juu. Huko juu, kati ya Juni na Septemba, unavuma mkondo wa kutoka mashariki, kutoka upande wa India ya kusini kuja Afrika. Kwa hiyo jahazi lingesukumwa kwa nyuma, wakati ndege inayopita juu yake kuelekea huko huko inapigwa usoni.

Uzito wa jambo hili unahesabika. Upepo wa wastani wa kilomita 50 kwa saa usoni unashusha kasi ya ndege juu ya ardhi kutoka 900 hadi 850. Kilomita 4,680 kwa 850 ni saa 5 na dakika 30, yaani umeongeza dakika 18. Kurudi, upepo huohuo unakupa nafuu inayokaribia hiyo. Kuanzia Desemba hadi Februari hali inageuka: kadiri unavyokwenda kaskazini unakutana na pepo za juu kutoka magharibi, zinakusukuma unapokwenda na kukuzuia unaporudi. Mashirika yanajua haya na huweka dakika za ziada kwenye ratiba, ndiyo sababu siku nyingine rubani anatangaza kwamba mmefika mapema dakika 20.

Mumbai ina tatizo lake pia. Kiwanja kina njia mbili za kurukia, lakini zinakatana, hivyo haziwezi kutumika zote kwa pamoja kama njia mbili zinazojitegemea. Mvua za Juni hadi Septemba zikizidi, ndege zinazungushwa angani zikisubiri zamu. Mafuta ya kusubiri yamo. Sheria inataka jeti iwe na akiba ya mwisho ya dakika 30 juu ya mafuta ya safari na ya kwenda kiwanja mbadala. Usiogope ndege ikizunguka. Ila kama una gari la hospitali linalokusubiri, waambie mapema kwamba saa ya kufika ni ya makadirio.

Saa kwenye tiketi

Hapa ndipo watu wengi wanakosa ndege, kwa hiyo soma polepole. Tiketi huandikwa kwa saa 24 zinazoanza usiku wa manane, na kila muda ni wa mji husika. India iko mbele ya Tanzania kwa saa mbili na nusu. Hiyo nusu watu wanaisahau. Tanzania inafuata longitudo ya 45, India ya 82.5; dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, ukigawa unapata 3 na 5.5.

Chukua mfano. Tiketi inasema unaondoka Dar 17:00, tarehe 14, unafika Mumbai 01:15, tarehe 15. Ukitoa moja kwa moja unapata saa 8 na robo, na mgonjwa anaogopa. Toa saa mbili na nusu za tofauti ya majira, zinabaki saa tano na dakika 45. Kwa saa zetu umeondoka saa kumi na moja jioni na umefika saa saba na robo usiku wa Mumbai, ambayo Mtwara ni saa nne na dakika 45 usiku, watu wengine bado wanatazama televisheni.

Kurudi, tiketi inasema 03:00 hadi 06:45. Inaonekana kama saa 3 na dakika 45. Hapo unajumlisha: ni saa sita na robo za kukaa kwenye kiti. Mtu anayehesabu muda wa dawa kati ya kuondoka na kufika lazima atumie namba hii ya pili.

Na kosa linalouma kuliko yote ni la tarehe. Ndege ya 00:40 ya tarehe 20 inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 20. Unatakiwa uwe kiwanjani kuanzia saa tatu na nusu usiku tarehe 19. Anayefika usiku wa tarehe 20 amechelewa kwa siku nzima, na shirika litamhesabu kama abiria ambaye hakutokea. Ukipokea tiketi yenye saa inayoanza na 00, 01, 02 au 03, andika kwa kalamu pembeni: "kiwanjani usiku wa tarehe fulani." Mwandikie na yule ndugu anayekupeleka.

Dar

Sasa jumlisha safari nzima, kwa mpango mzuri. Kufika kiwanja cha Mtwara mapema, saa mbili. Kuruka hadi Dar, saa moja. Kusubiri Dar, saa nne. Kuruka hadi Mumbai, saa tano na dakika 45. Uhamiaji na mizigo, saa moja na robo. Ni saa 14, na chini ya saa saba ndizo za angani. Hakuna ndege itakayokupunguzia hizo saba. Za chini ndizo zilizo mikononi mwako.

Saa nne za Dar zinaonekana nyingi, ila zifungue uone. Ndege ya kutoka Mtwara imechelewa dakika 40, jambo la kawaida kabisa. Mzigo unatoka kwenye mkanda baada ya nusu saa. Kama tiketi inaonyesha majengo mawili tofauti ya abiria, unatoka nje na kuhamia jengo la kimataifa na begi zako, dakika 20 nyingine ukiwa na mgonjwa wa kiti cha magurudumu. Mashirika mengi hufunga kaunta dakika 60 kabla ya safari ya kimataifa. Zimebaki saa moja na nusu, na kaunta ina foleni. Mwenye saa mbili tu za kuunganisha angekuwa ameshaachwa.

Ndiyo maana naomba kwa dhati: nunua safari yote kwa tiketi moja, yenye namba moja ya uhifadhi, ikiwezekana. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika ndilo linalowajibika kukutafutia nyingine, na mzigo unaweza kuandikishwa Mtwara hadi Mumbai. Muulize mhudumu na uangalie kikaratasi cha begi: kikiwa na herufi BOM, ambayo ni Mumbai, mzigo unakwenda mpaka mwisho, kikiwa na DAR peke yake, unauchukua Dar. MYW ni Mtwara yenyewe. Soma kikaratasi hicho kabla begi halijaondoka kwenye mzani, kwa sababu baada ya hapo hakuna wa kumuuliza.

Ukinunua tiketi mbili za mashirika tofauti, kwa sheria ni safari mbili zisizojuana. La pili halijali kwa nini umechelewa. Hapo panga kulala Dar usiku mmoja. Gharama ya chumba ni ndogo sana mbele ya tiketi mpya ya Mumbai. Linganisha pia uzito wa mizigo unaoruhusiwa, maana safari ya ndani inaweza kuruhusu pungufu ya ile ya kimataifa, na utalipishwa kwenye mzani wa kwanza, wa Mtwara.

Msimu wa mvua ongeza siku nyingine ya akiba. Ndege inayokuja Mtwara ikikuta mawingu ya chini na mvua kubwa inaweza kurudi Dar bila kutua, na wewe uliye Mtwara huna cha kupanda. Wengine hukimbilia basi, lakini barabara nayo si ya kuiwekea dhamana: Mei 2024, kipindi cha kimbunga Hidaya, mvua iliikata sehemu za Kilwa. Kwa mgonjwa mwenye tarehe ya upasuaji, Dar afike siku mbili kabla ya ndege ya Mumbai.

Wakati wa kurudi hesabu inalegea upande mmoja na kukaza mwingine. Ndege ya usiku kutoka Mumbai hufika Dar alfajiri, na hiyo inakupa nafasi nzuri ya kuwahi ndege ya Mtwara ya mchana. Ila uhamiaji, begi na forodha unavifanyia Dar, kwa kuwa ndipo unapoingia nchini, hata kama kikaratasi cha begi kimeandikwa MYW. Usitoke moja kwa moja kuelekea safari za ndani ukidhani mzigo umetangulia. Uliza kwenye mkanda kwanza, uchukue, upitishe forodha, kisha uukabidhi upya. Wanaosahau hatua hii hufika Mtwara mikono mitupu, na dawa za mgonjwa zimebaki Dar ndani ya begi. Dawa, vyeti na picha za vipimo vibebwe mkononi, pande zote mbili za safari.